Kwa wanetu walio jeshi la akiba Marekani

Wete, Pemba

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikieni nyie mlioko Marekani, mnaofanya kazi za kiraia huku mmejiandikisha jeshi la akiba au walinzi wa taifa. Mmoja wenu alinipigia simu. Aliitwa jeshini miezi minane, na aliporudi bohari anakopakia mizigo, msimamizi akamwambia nafasi yake keshapewa mwengine, asubiri ataitwa. Yeye akashukuru, akaondoka. Akashukuru! Nikamuuliza kwa nini hakusema neno. "Babu, niliona haya kugombana na mtu aliyenipa kazi."

Kuona haya ni jambo jema, na sisi wazee ndio tuliokufunzeni. Lakini anayedai haki yake kwa adabu hajamtukana mtu.

Huko kuna sheria ya mwaka 1994 inayolinda kazi ya anayeitwa jeshini, kwa kifupi USERRA. Inamfunga kila mwajiri, iwe serikali au mwenye duka lenye wafanyakazi wawili. Ukiitwa, huombi ruhusa, unatoa taarifa tu. Ukirudi unarejeshwa kazini, tena si lazima pale ulipopaacha: unawekwa pale ambapo ungelikuwapo kama hukuondoka, na nyongeza zako zote. Kwamba keshaajiriwa mwengine, hiyo si sababu.

Wengi wanaponyokwa kwenye karatasi. Nimekuwa karani wa utumishi hapa Wete mpaka nastaafu, nawajua watu waliokosa haki zao kwa barua moja tu. Sheria inakubali taarifa ya mdomo. Mimi nakwambieni andikeni, na nakala mbaki nayo. Msimamizi wa leo kesho hayupo, na mali bila daftari hupotea bila habari. Amri ya kuitwa, na ile DD-214, karatasi ya kumaliza utumishi mnayopewa mkitoka, zipigeni picha mzitume nyumbani. Mama yako Kiingereza hajui, lakini simu yake haifuti picha.

Halafu kuna siku. Ukikaa jeshini siku 30 au chini yake, unarudi zamu ya kwanza ya siku inayofuata, ukishafika nyumbani salama na kupumzika kwa muda wa saa 8. Kutoka siku 31 hadi 180, una siku 14 za kuomba kurudi. Zaidi ya hapo, siku 90. Yule wa miezi minane muda alikuwa nao bado, akiupoteza kwa ustaarabu wake. Aliyeumia jeshini huongezewa, hadi miaka 2. Na jumla ya kukosekana kwako kwa mwajiri mmoja isizidi miaka 5, ingawa mazoezi yenu ya kawaida na miito mingi ya vita haihesabiwi humo.

Wale wa vibarua vya wakala muwe macho: kazi ya muda mfupi, ambayo hakuna aliyetarajia iendelee, mwajiri anaweza kujitetea nayo. Mshahara wa siku ulizokuwa jeshini nao, kwa kawaida mwajiri binafsi halazimishwi na sheria hii kukulipa. Msiende kudai kisichokuwemo mkajivunjia heshima. Ila hawezi kukulazimisha uzitumie siku zako za likizo, na ukikaa zaidi ya siku 180, mwaka mzima baada ya kurudi hakuachishi bila sababu ya haki.

Akikataa, msipayuke. Anzeni na ESGR, watu wa kujitolea walio chini ya Wizara ya Ulinzi, kazi yao kusuluhisha. Ikishindikana, nendeni VETS, idara iliyo chini ya Wizara ya Kazi. Wanachunguza bure, na mwajiri haruhusiwi kukulipizia kisasi kwa kuwaendea.

Mwenye barua ya mwajiri asiyoielewa na anitumie baada ya Isha, saa za Pemba. Kabla ya hapo simu anayo mjukuu.

Mzee wenu