Simu ya mama yako

Mpunguzi, Dodoma

Mwanangu,

Habari ya chumba ulichoniandalia huko Dar nimeipata, na ahsante. Ila kabla hujatuma gari la kubeba vyombo, nisikilize.

Tulipomaliza arobaini ya mama yako nanyi mkaondoka, simu zetu mbili zilibaki mezani. Yangu kimya. Ya kwake, ile ya batani iliyofungwa raba, iliita kutwa: mtu wa kikoba, mwenzake wa kwaya, mama wa sokoni anayemdai ndoo za zabibu. Nikafungua majina yaliyomo kwenye yangu. Kumi na manne, na watano ni marehemu. Waliobaki ni wa kazini, na kazi niliiacha miaka tisa iliyopita. Hata ninyi wanangu mlikuwa mnapiga kwake, mwishoni anasema "haya, msalimieni baba yenu", nakohoa kidogo, basi.

Nilidhani nyumba yangu ina watu. Kumbe walikuwa watu wake.

Nenda zahanati, dirisha la wazee, utaona. Akina bibi wakitoka pale wanajua nani kafiwa na nani kapata mjukuu. Sisi wababa kofia magotini, kila mmoja anakodolea cheti chake. Mwaka 2025 nilisikia redioni Shirika la Afya Duniani likisema upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 duniani kila mwaka. Zamani ningehamisha stesheni.

Basi nikaanza kuipokea simu yake. Wa kwanza alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa", aliposikia sauti ya kiume akakata. Alipopiga tena nikamuwahi: "Usikate mama, ni mimi." Alitaka tu kujua kama mizabibu imeshapogolewa. Nilimweleza robo saa nzima, mimi huyu!

Siku hizi kila Alhamisi kikoba kinakaa barazani kwangu. Hawakuniomba ruhusa. Wamenipa daftari niandike hisa, maana mwandiko wangu unasomeka. Funguo za sanduku bado wananinyima.

Huko kwako najua nitakula vizuri na feni ipo. Lakini Alhamisi nitaamkia wapi? Njoo wewe. Treni ya umeme ipo tangu 2024, asubuhi unapanda, mchana tunakula mlenda. Na ukipiga, piga namba ya mama yako. Yangu sijaichaji tangu Jumapili.

Baba yako