Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, waandishi wenzangu wa mtandaoni,

Habari za ada na mapato atazieleza mhazini. Mimi nina jambo moja lililotutoa jasho mwaka huu: kusifia bidhaa kwa malipo huku msomaji hajui.

Lilianza na kopo la krimu ya uso. Mwenzetu aliisifia mtandaoni, akaweka picha, akasema ameitumia miezi mitatu. Mama mmoja mwenye genge karibu na ofisi yetu akanunua, ngozi ikamchubuka mashavu yote mawili. Alikuja na kopo kalifunga kwenye pindo la kanga, akalisimamisha mezani pangu. "Baba, hebu niambie, yule dada alilipwa?"

Alilipwa. Kopo lenyewe alilifungua siku ya kupiga picha. "Lakini niliandika, mwenyekiti," akajitetea. Kweli aliandika: chini kabisa, nyuma ya alama za reli (#) kumi na kitu, tena kwa Kiingereza, ilhali makala nzima ni ya Kiswahili.

Kamati ilibishana sana juu ya maneno. Wengine walitaka "kwa hisani ya", kama redioni. Nilikataa na bado nakataa. Hisani ni wema. Hapa mtu kanunua sifa. "Kwa ushirikiano na" nayo inaficha. Tukakubaliana neno liwe "Nimelipwa", au "Nimepewa bure", mstari wa kwanza, kwa lugha ya makala.

Msidhani tunajitungia makali. Sheria yetu ya Ushindani hapa Tanzania, ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji. Marekani, tume ya biashara ya FTC ilirekebisha miongozo yake mwaka 2009 ili iwaguse na waandishi wa mtandaoni, na zawadi inahesabika kama fedha. Mwaka 2016 iliibana kampuni ya nguo ya Lord & Taylor: ilikuwa imewapa watu 50 maarufu wa mitindo gauni moja na dola 1,000 hadi 4,000 kila mmoja, ikazipitia picha zao kabla hazijatoka, ila haikuwataka waseme wamelipwa.

Nami nina langu. Nililala siku mbili bure katika hoteli moja Paje, Zanzibar, nikaandika ukurasa mzima juu ya pweza wa nazi. Kwamba sikulipa hata senti, na kwamba maji yalikatika usiku wote wa pili, sikugusia. Makala hiyo nimeirekebisha wiki iliyopita.

Kanuni hii imetugharimu. Watangazaji wawili wameondoka. Mmoja alisema wazi kwamba neno "Nimelipwa" linaua soko lake. Sikumbembeleza.

Yule mama amerudishiwa fedha zake na mwanachama mwenyewe, si kutoka mfuko wa chama. Pendekezo la kuiingiza kanuni hii kwenye katiba ni ajenda ya tano, na tutapiga kura ya siri. Anayetaka marekebisho amwone katibu kabla ya chai.