Muhogo ulivuka bahari, kifumbu chake kikabaki Amazoni

Ndugu Mhariri,

Taja utafiti wa historia ya Amerika Kusini kwenye baraza lolote hapa Newala, utaulizwa: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuanzia kwenye sufuria ya ugali. Muhogo si mmea wa huku, kama mkorosho nao usivyo wa huku. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 wakaufikisha magharibi mwa Afrika, na pwani yetu ya mashariki ulikuja kuenea hasa karne ya 18. Vipando vilisafiri vizuri. Ujuzi wa kuuondolea sumu haukusafiri wote, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza umri wake. Mwaka 1999 Kenneth Olsen na Barbara Schaal walilinganisha vinasaba vya muhogo wa shambani na vya ndugu zake wa porini, wakaonyesha kuwa chimbuko lake ni muhogo mwitu wa ukingo wa kusini wa Amazoni, katika majimbo ya Rondônia, Acre na Mato Grosso. Mwaka 2020 Umberto Lombardo na wenzake wakatoa matokeo ya Llanos de Moxos, nchini Bolivia, mbuga inayofurika kila masika na yenye vilima vidogo vya miti vilivyoinuka kama visiwa. Katika udongo wa visiwa hivyo walikuta chembe za silika ambazo mmea huziacha unapooza. Za muhogo zilikuwa na umri wa miaka 10,350 hivi. Kazi ya kuutafuta muhogo wa kale ni ngumu, kwa kuwa hauachi punje wala kokwa. Ndiyo sababu kwa muda mrefu wachimbaji walitegemea vijiwe vyenye makali, wakiamini kuwa ni meno ya mbao za kukunia muhogo. Linda Perry alipovichunguza vijiwe vya namna hiyo kutoka bonde la Orinoco, Venezuela, alikuta wanga wa mahindi na wa mimea mingine, wa muhogo hakuna. Hadithi nzuri ikaishia hapo, na sisi tunaona ni afadhali.

Watu waliokaa na mmea kwa maelfu ya miaka huwa wanaujua. Wengi wetu tungedhani wenyeji wa asili wa Amazoni wangeuacha muhogo mchungu na kubaki na mtamu. Darna Dufour, aliyefanya utafiti miaka ya 1980 kwa Watukano wa mto Vaupés, mpakani mwa Kolombia na Brazili, alikuta kinyume: mchungu ndio chakula chao kikuu, nao wanaupenda hivyo hivyo. Sababu yake mkulima yeyote wa uwanda wa Makonde anaijua. Wanyama waharibifu hawaukimbilii, na mwizi haung'oi na kuutafuna njiani.

Wanavyoutengeneza ni hivi. Mizizi inamenywa, halafu inakunwa yote mpaka iwe rojo. Rojo linaoshwa juu ya chekeche, kisha linatiwa kwenye tipiti. Tipiti ni kifumbu, Mhariri, cha ukindu kama kile cha kukamulia tui, ila kirefu kupita kimo cha mtu. Kinatundikwa kwenye boriti na ncha ya chini inavutwa kwa gogo. Kikirefuka kinabana, maji yanatoka. Maji hayo ni sumu kali. Hayanywewi mpaka yachemshwe kwa muda mrefu. Machicha yanayobaki yanachekechwa na kuokwa kama mkate mpana, au yanakaangwa na kukorogwa mpaka yawe chenga kavu.

Siri yote iko kwenye kukuna. Ndani ya muhogo sumu haijawa sumu bado. Kuna kitu kiitwacho linamarini, kimehifadhiwa ndani ya chembehai, na kuna kimeng'enya chake ambacho kinakaa kwenye kuta za chembehai hizo. Viwili hivi havikutani mpaka uviponde. Vikikutana, linamarini inavunjika na kutoa gesi ya sianidi, nayo inaruka hewani kirahisi kwa sababu huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Kwa hiyo anayekuna muhogo anaiamsha sumu makusudi ili aifukuze.

Sasa tazama makopa yetu. Muhogo unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa. Chembehai nyingi zinabaki nzima, na kimeng'enya kinahitaji unyevu ili kifanye kazi. Jua kali ambalo kila mwanikaji analiombea ndilo linalokizima mapema. Vipimo vimeonyesha kuwa kuanika peke yake huacha robo mpaka theluthi ya linamarini ndani ya makopa. Ukiyatwanga baadaye unapata unga mweupe, mzuri, usio na harufu, na linamarini imo. Kiwango cha usalama kilichowekwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, unga wa mwaka wa ukame umepimwa ukakutwa na zaidi ya 100. Mvua zikikatika muhogo huongeza sumu, na mwaka huohuo watu hawana kingine cha kula. Kuchemsha vipande vizima vya muhogo mchungu nako hakuponyi, maana joto linakiua kimeng'enya kabla hakijaifikia linamarini.

Matokeo yake yanaitwa konzo. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla na hairudi kuwa kama zamani; walio hatarini zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na akina mama wa umri wa kuzaa. Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ilipata zaidi ya wagonjwa 1,000 mwaka 1981. Tarime iliupata mwaka 1985, na mkoa wetu wa Mtwara ukaupata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwili hujitetea kwa kuigeuza sianidi, na kazi hiyo hutumia salfa inayotoka kwenye protini (si ile ya kupulizia mikorosho). Mtukano anakula mkate wake na samaki wa mtoni. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa mlenda wiki nzima hana kinga hiyo. Dagaa na mayai husaidia sana, na mbaazi husaidia kiasi.

Hatuwaambii watu wasuke tipiti. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake walitafuta njia ya kuuponya unga uliokwisha kutwangwa, nayo imefundishwa hata huku kusini. Tia unga kwenye bakuli, usawazishe, uweke alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga. Mwanzoni unga utashuka, usishangae. Endelea mpaka upande tena ufike kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimita moja, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Songa ugali siku hiyohiyo kwa unga huo huo mbichi, na upunguze maji ya sufuriani. Sianidi hushuka mara 3 hadi 6.

Wanaokosea hukosea mahali pachache. Wapo wanaoutandaza unga kwa unene wa vidole vitatu ili kuokoa mkeka, gesi ikabaki chini. Wengine hutia maji kidogo kwa kuogopa kuuharibu unga, hivyo kimeng'enya hakiamki. Wako pia wanaoulaza hadi kesho yake, ukachacha na kuota ukungu. Unga uliokwisha kuvunda hauponywi kwa njia hii. Kule Popokabaka, Kongo, kijiji cha Kay Kalenda kilipoishika njia hii sawasawa, wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana.

Kwenye kisamvu, kusema kweli, bibi zetu hawana la kufundishwa. Jimbo la Pará huko Brazili wana maniçoba, majani ya muhogo yaliyosagwa na kuchemshwa kwa siku saba. Sisi tunatwanga kwenye kinu kwanza, na huko kutwanga ndiko kunakokiamsha kimeng'enya. Anayekatakata majani kwa kisu na kuyatia moja kwa moja kwenye maji yanayochemka ndiye anayepoteza faida hiyo.

Ombi letu ni dogo. Ukurasa wenu wa kilimo huchapisha bei za korosho kila mnada. Kabla kiangazi hakijashika na makopa hayajajaa mapaani, chapisheni hapo pembeni mchoro wa bakuli lenye alama, pamoja na zile saa 2 za juani na 5 za kivulini, kwa herufi ambazo mama anaweza kuzisoma akiwa amesimama jikoni.

Wasomaji wenu,
Newala, Mtwara