Tumba la airisi limevunjika likiwa bichi: nisubiri au nilipasue?

Ndugu Mshauri wa Bustani,

Ninaishi Minnesota, Marekani, ambako kwa miaka michache nimekuwa nikizalisha airisi (maua ya bustani) zangu mwenyewe nyuma ya nyumba, na sasa nimekwama.

Tarehe 5 Juni nilichavusha kwa mkono airisi ya aina ya Immortality, ambayo ni nyeupe, kwa chavua ya Dusky Challenger, yenye zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Chavua niliipaka kwa kibano, kisha nikanyofoa petali za chini ili nyuki akose pa kutua na asiniharibie kazi. Katika maua manane niliyohangaika nayo, matatu tu ndiyo yaliyoshika na kufanya matumba, yaani maganda ya mbegu, nami nikayafungia lebo yenye jina la mama likitangulia, la baba likifuata, pamoja na tarehe.

Tumba la kwanza lilioza, nadhani kwa sababu ya kiwavi anayetoboa matunguu ya airisi. Nilipolipasua nilikuta vyumba vyake vitatu vimejaa mbegu nyeupe, teketeke, zinazotoa maji zikibonyezwa kwa ukucha. La pili lingali bustanini. La tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, liliangushwa na dhoruba usiku wa tarehe 22 Julai likiwa na siku 47, ilhali matumba haya huhitaji takribani miezi miwili, pengine na zaidi, hadi yageuke kahawia na kuanza kupasuka nchani.

Asubuhi yake nilikata shina kwa mshazari, nikalisimamisha ndani ya jagi la maji dirishani jikoni, na maji nayabadilisha kila siku. Leo ni siku ya nane. Tumba bado ni la kijani, nene kama bamia iliyochelewa kuchumwa, lakini upande mmoja ngozi yake imeanza kusinyaa, nami siwezi kutambua kama huko ndiko kuiva au ndiko kufa. (Jina la mama yake maana yake ni kutokufa, jambo linalonitia aibu kila nikisoma lebo.) Jirani yangu, bibi aliyetunza airisi tangu kabla sijazaliwa, anasema niliache hadi lipasuke lenyewe, rafiki yangu anashikilia kwamba nilipasue sasa na kupanda mbegu zikiwa mbichi. Moyo wangu uko kwa bibi, ila naogopa ukungu utatangulia.

Naomba unishauri nisubiri hadi dalili ipi. Tena, kwa kuwa mbegu hizi hazioti bila kupitia baridi ya muda mrefu, ambayo hapa hatuna uhaba nayo, je, nizikaushe kwanza mpaka zijikunje kama pilipili manga ndipo nizipande Oktoba, au nizitie udongoni mara tu zitakapotoka? Lile la bustanini nimelivika kipande cha soksi nyembamba, ili likipasuka nikiwa kazini mbegu zisimwagike. Kama hilo nalo ni kosa, tafadhali niambie mapema.

Wako,
Msomaji, Minnesota