Barua ya malalamiko: programu ya CMM inayopitisha probu isiyolingana na iliyo kwenye mashine

Maabara ya Vipimo,
Karakana ya Pampu na Gia,
Dar es Salaam.
3 Machi 2025

Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Programu za Vipimo.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEHEMU YA KUUNDA PROBU KATIKA TOLEO JIPYA LA PROGRAMU YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Toleo jipya la programu yenu ya CMM (mashine ya kupima vipande kwa viwianishi vya X, Y na Z) linakubali probu, yaani kifaa cha kugusia kazi, iliyoundwa vibaya kwenye skrini, linaipitisha kwenye ugezi (zoezi la kuisahihisha probu kwa kugusa tufe lenye kipimo kinachojulikana), kisha linamwachia mpimaji agundue kasoro pale mashine inapogonga kitu. Tulipowaandikia awali mlitujibu kwamba ugezi ukipita, probu iko sawa. Jibu hilo si sahihi. Tunaeleza hapa kwa nini si sahihi, na tunataka mrekebishe nini.

Mnajua wenyewe kwamba probu huundwa kipande kwa kipande kutoka juu kwenda chini: kichwa cha mota, mwili wa probu, moduli (kipande kinachoshikwa kwa sumaku na kubeba sindano), kirefusho kama kipo, halafu sindano yenye kipira cha rubi. Programu hujumlisha urefu wa vipande hivyo ili ijue kipira kiko umbali gani kutoka kitovu cha mzunguko wa kichwa. Kichwa tunachotumia hugeuka kwa hatua za digrii 7.5, kuanzia 0 hadi 105 kwenye A (kuinama) na digrii 180 kila upande kwenye B (kuzunguka), yaani mikao 720. Hakuna maabara inayofanya ugezi wa mikao yote hiyo. Kila mkao mpya unapoongezwa, programu huukisia kwa hesabu ya vipande kabla haujagusa tufe. Hesabu hiyo ikiwa na kasoro, kila mkao unazaliwa nayo.

Lalamiko letu zito ni kuhusu faili la orodha ya vipuri. Toleo jipya likisakinishwa, faili hilo hufutwa na kuandikwa upya, na vipande alivyoongeza mtumiaji hupotea. Hilo peke yake lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba faili la probu la zamani likifunguliwa, kipande kisichopatikana hugeuzwa kimyakimya kuwa kiungio kitupu. Hakuna onyo wala alama nyekundu, na jina la probu linabaki lile lile. Ikiwa kilichopotea ni kirefusho cha milimita 50, programu sasa inaamini kwamba kipira kiko milimita 50 juu ya mahali kilipo. Mpimaji akianza ugezi, mkono wa Z unashuka milimita 50 zaidi ya unavyotakiwa, na unashuka kwa kasi ya safari, si kasi ya kugusa. Sindano inagonga tufe au shina lake, moduli inachomoka kwenye sumaku zake na kuanguka juu ya meza ya granaiti. Kwa bahati nzuri ni sindano tu inayovunjika. Kwa bahati mbaya ni mwili wa probu, ambao bei yake mnaifahamu.

Kasoro ndogo ndizo zinazopita ugezi bila kelele, na hapa ndipo jibu lenu la awali linapoanguka. Katalogi za sindano hupima urefu kutoka uso wa kiti cha thredi hadi katikati ya kipira. Dirisha lenu la kuongeza sindano lina kisanduku kilichoandikwa «urefu» tu, bila kusema ni hadi katikati au hadi nchani. Kwa kipira cha milimita 3 tofauti ni milimita 1.5. Tofauti hiyo iko ndani ya umbali wa kutafuta, kwa hiyo mashine inagusa tufe, inakokotoa mahali halisi pa kipira, na ripoti inatoka safi. Kilichosahihishwa ni kitovu cha kipira kwa mkao ule tu. Umbo la probu linalotumika kukagua kama sindano itagongana na kipande kinachopimwa halijasahihishwa, wala unene wa shina, wala mikao itakayoongezwa kesho. Kwenye sindano za thredi ya M2, kiti chenyewe kina kipenyo cha milimita 3. Mpimaji anayeingia kwenye tundu refu kwa kipira cha milimita 3 anahitaji kujua kwa uhakika shina jembamba linaishia wapi, maana baada ya hapo kinachogusa ukuta wa tundu ni kiti, na probu itaandika nukta hiyo kana kwamba imeguswa na rubi.

Lipo pia chaguo la kutumia kipenyo cha katalogi, ambalo katika toleo hili linakuja likiwa limewashwa. Tunaomba sana mlizime. Probu ya kugusa huchelewa kidogo kutoa ishara, kwa sababu sindano lazima ipinde na viungo vya ndani viachie kwanza, na ndiyo maana kipenyo kinachopatikana kwenye ugezi huwa kidogo kuliko cha katalogi. Kazi ya ugezi ni kukipata hicho. Ikiwa tofauti ni milimita 0.015 na programu ikang'ang'ania 3.000, kila tundu litasomeka kubwa kwa 0.015 na kila shafti itasomeka ndogo kwa kiasi hicho hicho. Tundu la milimita 25 lenye ustahimilivu wa H7 (daraja sanifu la kosa linaloruhusiwa kwenye tundu) lina nafasi ya milimita 0.021 tu. Tundu dogo kupita kiasi litapewa muhuri wa kupita, na fundi anayeunganisha pampu ndiye atakayebaki analazimisha shafti isiyoingia.

Kuhusu sindano ya nyota yenye ncha tano, programu inachora ncha ya pili ikielekea X chanya na haiulizi chochote. Nyota halisi hukaa popote inapokazwa thredi. Ikiwa imegeuka nusu mzunguko na kila mkono una milimita 20, programu inaitafuta ncha milimita 40 mbali na ilipo. Swali la kumwomba mpimaji aguse tufe kwa mkono mara moja kwa kila ncha lingetosha kabisa. Toleo lililopita lilikuwa nalo, na hatuelewi kwa nini liliondolewa.

Swali la kama tufe limehamishwa nalo limeharibiwa. Jibu lililowekwa tangu mwanzo sasa ni «Hapana», na kitufe cha Enta kinalipitisha. Tufe likiwa limehamishwa kweli, mikao yote ya siku hiyo itapangwa kwa mahali pa zamani, na ukipima tundu kwa mkao wa jana na uso kwa mkao wa leo, umbali kati yao utakuwa na kosa sawasawa na kiasi tufe lilivyosogea kwenye mwelekeo huo. «Ndiyo» nayo ina masharti yake: inafaa kujibiwa kwa ncha ya rejea peke yake (ile ambayo mikao mingine hulinganishwa nayo), kwa kawaida A0 B0, kwa sababu ndiyo inayolitafuta tufe upya. Dirisha halisemi hivyo popote, na linakubali «Ndiyo» kwa ncha yoyote.

Idadi ya nukta iliyowekwa mwanzoni ni 5, nne kwenye ikweta ya tufe na moja kileleni. Tufe lina mambo manne yasiyojulikana, yaani X, Y, Z na kipenyo, kwa hiyo inabaki nukta moja tu ya kushuhudia makosa. Isitoshe, ucheleweshaji wa probu hizi hubadilika kufuata viungo vyake vitatu vya ndani, na nukta nne kwenye duara haziwezi kuuonyesha vizuri mchoro wa ncha tatu. Mkengeuko sanifu unatoka mdogo kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuuongeza. Kiwango cha kimataifa cha kujaribu mashine hizi, ISO 10360-5, hutumia nukta 25 zilizotawanywa juu ya nusu tufe. Wekeni hizo.

Uzito tunaugusia kwa kifupi. Nyota iliyofungwa kwenye kirefusho chini ya moduli inayoachia kwa nguvu ndogo hutoa ishara za uongo mashine inapoongeza kasi. Programu inavijua vipande vyote vitatu, lakini haitoi onyo.

Tunachodai ni hiki. Kipande kisipopatikana kwenye orodha, faili la probu lisifunguke hadi mpimaji achague kibadala chake. Vipande vya mtumiaji vikae kwenye faili lake lisiloguswa na usakinishaji. Ripoti ya ugezi ionyeshe, kwa kila ncha, tofauti kati ya mahali palipokokotolewa na palipopimwa, na mpimaji aweze kuweka kikomo. Ikizidi milimita 0.5, kwa mfano, ugezi ukataliwe. Chaguo la kipenyo cha katalogi lizimwe, na swali la tufe lisiwe na jibu la kupitishwa kwa Enta.

Kwa sasa tumerudi kwenye toleo la zamani. Nakala ya orodha ya vipuri inatunzwa nje ya kompyuta ya mashine, urefu kutoka uso wa moduli hadi nchani unapimwa kwa vernia kabla ya kila ugezi, nusu kipenyo cha kipira kinatolewa, na jibu linalinganishwa na jumla ya vipande vilivyo chini ya moduli kwenye skrini. Ni kazi ya dakika chache, lakini ni kazi ambayo tumeilipia programu yenu iifanye.

Tumeambatanisha faili mbili za probu, moja ya kabla na moja ya baada ya usakinishaji, pamoja na ripoti zake za ugezi. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja toleo litakalokuwa na marekebisho haya. Ada ya matengenezo ya mwaka ujao tutaizungumza baada ya kulipata.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Maabara ya Vipimo