Okidi ya Mwambani Haitaki Udongo

Kila masika yakiisha, huletwa kitaluni kwetu vyungu vya okidi iliyooza mizizi. Maelezo huwa yale yale: "Nimeipa udongo mzuri, nikatia samadi, na namwagilia asubuhi na jioni." Hapo ndipo tatizo lilipo.

Okidi yenyewe ni Angraecum eburneum, nususpishi (aina ndogo ndani ya spishi) ya giryamae, iliyopata jina kutokana na Wagiriama. Ni mmea wa pwani yetu, Kenya na Tanzania. Huota juu ya miti na pia juu ya miamba ya matumbawe, mahali pasipo na udongo wa kushika. Mizizi yake minene hung'ang'ania jiwe huku ikipigwa na upepo. Itazame: ikikauka hung'aa kama fedha, ikinyeshewa hugeuka kijani papo hapo. Ganda lake jeupe ni kama sifongo, hunyonya mvua upesi, kisha lazima likauke. Ukiifukia, ganda hubaki limelowa kutwa kucha, na uozo huanzia humo wakati majani bado ni mabichi. Ndiyo maana wengi hugundua wamechelewa.

Tukiupokea mmea kama huo, tunakung'uta udongo wote, tunakata mizizi iliyolainika kwa kisu kilichopitishwa motoni, kisha tunauacha kivulini siku mbili tatu vidonda vikauke. Baada ya hapo tunaupanda kwenye vipande vya matumbawe na mkaa, ndani ya kikapu cha mbao, na kuufunga kwa kamba ya mkonge usitikisike mpaka mizizi mipya ishike. Matumbawe yetu ni mabaki ya machimbo ya mawe ya nchi kavu. Ya baharini hatuyagusi.

Wala hatununui okidi iliyong'olewa mwambani, hata iwe nzuri vipi. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Porini haziwezi kuota zisipokutana na kuvu wa kuzilisha. Mche huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza, kwa hiyo mwamba uliokwanguliwa leo haujazi pengo haraka. Tena okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini. Usizivushe mpaka bila kibali.

Ikipona, itundike barazani. Wengine hulalamika kwamba maua hayanuki, kumbe wameyanusa mchana. Subiri giza liingie, saa ya nondo wakubwa wanaoyachavusha, ndipo uisikie harufu yake.