Fomu ya murabaha kabla ya kikao cha Jumamosi

Assalamu alaykum ndugu wanakikundi,

Naomba tuipitie upya fomu ya kununulia cherehani kwa murabaha, yaani mauzo ya Kiislamu yenye faida iliyotajwa wazi, kwa sababu jina pekee halihalalishi biashara. Sharti lake ni kwamba kikundi kiinunue cherehani kwanza, kiimiliki na kubeba hasara ikiharibika mikononi mwetu, ndipo kimuuzie mwanachama kwa bei inayotaja waziwazi gharama na faida, bei ambayo haipandi hata akichelewa kulipa. Tukimkopesha fedha taslimu kisha tukadai ziada, hiyo ni riba, hata tukiiita faida. Mwenye dharura ya ugonjwa apewe karadha, naye arudishe kiasi kilekile. Mweka hazina alete risiti za duka zenye jina la kikundi.